Leta Amri ya Mahakama

Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 2024, siku nne kabla ya Krismasi, kijana wa miaka 24 alinyakuliwa mjini Embu na watu waliojifunika nyuso. Jamaa zake walisimulia kwamba alikuwa kwa kinyozi akingoja kunyolewa. Kosa lake, kadiri watu walivyoweza kuunganisha mambo, lilikuwa picha. Akaunti yake kwenye mtandao wa X ilikuwa imesambaza picha iliyotengenezwa kwa akili unde, Rais William Ruto amelazwa ndani ya jeneza. Wakazi wa Embu walitoka barabarani wakidai arudishwe. Jaji Bahati Mwamuye wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliagiza vijana waliotekwa waachiliwe, na wakuu wa polisi wafike mbele yake wajieleze. Polisi walikana kuhusika. Tarehe 6 Januari 2025 kijana akarudi kwao, na siku hiyo hiyo wenzake kadhaa waliokuwa wametoweka, mchoraji vibonzo Kibet Bull akiwa mmoja wao, nao wakaonekana. Kufikia wakati huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni 2024.

Picha ile ilikuwa ya kuudhi, na nalisema hili mapema ili tusipotezeane muda. Kwa wazee wetu, kumtabiria mtu mauti ukiwa unacheka ni utovu wa adabu, na mzazi yeyote ana haki ya kumkemea mwanawe kwa hilo. Lakini kukemewa na mzazi ni jambo moja, na kutiwa garini na watu wasio na nyuso ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Kenya haijui adhabu ya namna hiyo kwa kosa lolote, sembuse kwa picha.

Swali la sura hii ni dogo: mtu aliyeandika kitu mtandaoni hujulikanaje? Mji wa Embu uko ndani ya eneo bunge la Manyatta, katika wadi ya Kirimari. Ukiuacha mji na kupanda kuelekea Mlima Kenya, unaingia kwenye kahawa, kisha majani chai, unapita masoko kama Kairuri na Manyatta yenyewe, ambako watu hujuana kwa majina ya baba na babu. Mahali kama hapa njia ya kwanza ya kumpata mtu ni jirani. Anaonyeshwa picha kwenye simu, anasema, "Huyu? Ni mtoto wa fulani, anakaa pale." Haihitaji mtambo wowote, na tusisahau kwamba mara nyingi inatosha. Wala sina ushahidi kwamba kampuni yoyote ilimtaja kijana wa Embu, na simtupii mtu lawama asiyothibitishiwa.

Njia ya pili, hata hivyo, ipo, nayo haimhitaji jirani. Mtandao wa kijamii unajua barua pepe au nambari ya simu uliyojisajilia, na unajua anwani ya intaneti uliyoingia nayo kila mara. Kampuni ya simu inajua anwani ile ilikuwa mikononi mwa laini gani dakika ile, laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani, na simu ilikuwa imeshika mnara upi. Mashambani mnara mmoja unaweza kuhudumia vijiji kadhaa, kwa hiyo jibu linakuwa la jumla. Mjini minara imesongamana, na jibu linakaribia mlango. Weka vipande hivyo pamoja na jina la mzaha ulilojipa mtandaoni linageuka kuwa mtu mwenye mwili, anayengoja kunyolewa.

Wengi wetu hatukushtuka tulipoanza kuzitoa taarifa hizi, kwa sababu tulizoea polepole, dukani. Likumbuke lile daftari refu la wakala wa M-Pesa, limelazwa juu ya kaunta karibu na mizani ya sukari, kalamu imefungwa kwa uzi isitembee. Safu zilikuwa zimechorwa: tarehe, msimbo wa muamala, kiasi, nambari ya simu, jina, nambari ya kitambulisho, saini. Ukiinama kutia saini yako unasoma nani ametoa pesa asubuhi ile, shilingi ngapi, na kitambulisho chake ni nambari gani. Anayekufuata atasoma zako. Hakuna aliyelalamika. Mkulima aliyepokea malipo ya kahawa alijua kwamba kabla hajafika nyumbani kuna watu watano wanaojua ana kiasi gani, na akaona ndiyo dunia. Daftari lile lilitufundisha kwamba kutoa kitambulisho ni adabu, na kuuliza kinaenda wapi ni kiburi.

Sasa ichukue kampuni yenye wateja zaidi ya milioni 40, ambayo kwa mwananchi wa kawaida ndiyo simu, ndiyo benki, ndiyo intaneti ya nyumbani. Safaricom ni hiyo. Huduma yake ya pesa kwa simu, M-Pesa, ilianza Machi 2007, na leo ni vigumu kumpata mtu mzima Manyatta ambaye hajawahi kuitumia. Mmoja wa wenye hisa wakubwa wa kampuni hiyo kwa miaka mingi amekuwa serikali, asilimia 35, sambamba na kundi la Vodacom na Vodafone. Desemba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya kampuni kutoka kwenye hisa zake. Hebu fikiri maana yake. Anayekuja kuomba taarifa za mteja, akiwa amevaa kofia ya polisi, ni ndugu wa yule anayepokea gawio la faida mwisho wa mwaka. Sisemi kwamba hisa zinatoa amri. Nasema kwamba kampuni ya namna hii ina sababu ya kuthibitisha kila mara kuwa haiamriwi, na kimya chake kina uzito kuliko kimya cha kampuni nyingine.

Oktoba 2024 gazeti la Daily Nation lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba vyombo vya usalama vimekuwa vikifikia kumbukumbu za simu za wateja wa Safaricom kupitia mfumo uliotengenezwa kwa msaada wa kampuni ya Uingereza, Neural Technologies, na kwamba kumbukumbu zilizoletwa mahakamani katika baadhi ya kesi zilikuwa na mapengo. Safaricom ilikanusha. Ilisema inaheshimu faragha ya wateja na hutoa taarifa pale tu inapotakiwa kwa amri ya mahakama. Mashirika ya haki yakaiandikia barua ya wazi kudai majibu zaidi. Miezi miwili baadaye yakatokea ya Embu.

Kanusho lile lina maneno mazuri, na nayachukulia kwa uzito, kwa sababu yanaweka kipimo ambacho kampuni imejipimia yenyewe: amri ya mahakama. Kipimo hicho kina mizizi katika Katiba. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano, na kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza. Vifungu hivi viwili hutegemeana, maana mtu anayejua kwamba kila neno lake limefungwa kwenye kitambulisho chake, na kitambulisho kinapatikana kwa simu moja kutoka kituo cha polisi, atajifunza kunyamaza bila kukatazwa na mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaongeza nguvu. Lakini sheria hiyo hiyo imeachia nafasi usalama wa taifa, na marekebisho ya sheria za usalama ya 2014 yakavipa vyombo vya usalama ruhusa ya kunasa mawasiliano katika vita dhidi ya ugaidi. Na katika nchi ambako mwanafunzi wa chuo kikuu ameshitakiwa kwa picha ya jeneza, kama alivyoshitakiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi Novemba 2024, kila mwenye nia anaweza kuliita chapisho lolote tishio kwa taifa.

Basi wajibu wa kampuni unaanzia hapo ambapo sheria imelegea. Unaanzia mezani, kwa mfanyakazi wa kitengo cha sheria aliyeletewa karatasi yenye muhuri wa polisi na maneno "ni ya dharura". Anaweza kutoa. Anaweza pia kusema: leta amri ya mahakama.

Tuna mtu katika eneo letu aliyesema hivyo na akalipa. Maxence Melo, mwasisi mwenza wa JamiiForums jijini Dar es Salaam, alikamatwa Desemba 2016 baada ya jukwaa lake kukataa kuwakabidhi polisi majina ya watu walioandika tuhuma za ufisadi kwa majina ya kubuni. JamiiForums haikuwa na jengo la vioo wala hisa sokoni. Ilikuwa na ukumbi wa Kiswahili ambapo mtumishi wa umma aliyeona wizi ofisini angeweza kuuanika akijua kesho ataamka na kazi yake. Melo alishitakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kosa la kuzuia uchunguzi. Hoja ya upande wake ilikuwa rahisi: polisi hawakueleza vya kutosha kwa nini wanawataka watu wale, na kumfichua mtoa siri bila sababu ni kumwangamiza. Kesi zilimburuta mahakamani kwa miaka. Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipotaka majukwaa yawe na leseni, JamiiForums ilifunga kwa muda. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo ya kesi na kutozwa faini ya shilingi milioni 3 za Tanzania au kifungo cha mwaka mmoja. Faini ikalipwa. Majina hayakutolewa.

Nimewasikia watu wakisema kwamba Melo alikuwa mkaidi, kwamba kampuni kubwa haiwezi kufanya vile kwa sababu ina wafanyakazi maelfu wa kulinda. Hoja hiyo ninaigeuza. Mtu mwenye ofisi ndogo na wakili wa kukodi aliweza kusema hapana kwa miaka minne. Kampuni yenye ghorofa nzima ya mawakili ina udhuru gani? Nyumba kubwa ndiyo yenye uwezo wa kwenda mahakamani asubuhi, kuomba jaji aamue, na kumwarifu mteja kwamba kuna mtu anauliza habari zake. Gharama yake haifikii hata bajeti ya tangazo moja la Krismasi.

Kampuni za Marekani zilijifunza hili kwa aibu. Mwaka 2004 mwandishi wa habari wa China, Shi Tao, alituma barua pepe nje ya nchi akieleza maagizo ambayo chama tawala kilivipa vyombo vya habari kuhusu kumbukumbu ya mauaji ya Tiananmen. Alitumia akaunti ya Yahoo. Yahoo ikatoa taarifa zilizosaidia kumtambua, naye mwaka 2005 akahukumiwa miaka 10. Novemba 2007 mkuu wa kampuni, Jerry Yang, alikalishwa mbele ya Bunge la Marekani, mama mzazi wa mfungwa akiwa ameketi nyuma yake, akageuka na kumwinamia. Mwaka uliofuata Yahoo, Google na Microsoft zikaungana na mashirika ya haki na wasomi kuanzisha Global Network Initiative, zikiahidi kuyadai maombi ya serikali yafuate sheria, kuyatafsiri kwa ufinyu, na kukubali kukaguliwa na watu wa nje. Ni hatua ya kweli. Ila sipendi jinsi inavyosimuliwa kama hadithi ya kampuni zilizotubu, wakati Shi Tao alibaki gerezani hadi 2013.

Kilichobaki cha maana kutoka kipindi kile ni desturi ya kuhesabu hadharani. Mwaka 2014 Vodafone ilitoa ripoti juu ya nchi 29, Kenya na Tanzania zikiwemo, ikieleza serikali zinaomba nini na sheria za kila nchi zinasema nini. Ndani yake ilikiri kwamba katika nchi chache, takriban 6, serikali ilikuwa na njia yake ya moja kwa moja kuingia kwenye mtandao bila hata kubisha hodi kwa kampuni. Kukiri huko kulifanya kazi ambayo ahadi elfu hazifanyi. Mteja wa Kairuri au Kibugu anastahili karatasi ya namna hiyo kila mwaka, kwa Kiswahili: maombi mangapi yaliletwa na vyombo vya usalama, mangapi yalikuwa na amri ya mahakama, mangapi yalikataliwa. Tarakimu tatu tu. Hazifichui siri ya uchunguzi wowote.

Kwamba kampuni zinaweza kubadilika zikitaka, tumeliona kwenye mikopo ya simu. Kulikuwa na kipindi ambapo ukipakua programu ya mkopo, skrini ya kwanza inauliza iruhusiwe kusoma orodha ya majina kwenye simu yako. Mtu ana mgonjwa hospitalini, anataka shilingi 2,000, atasoma nini? Anabonyeza "ruhusu". Siku akichelewa kulipa, wanapigiwa mwalimu mkuu wa shule ya mtoto, shemeji, mwenyekiti wa chama, na mchungaji: "Mwambie fulani alipe deni letu." Watu walivunjiwa heshima kwa deni la pesa ya unga. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, iliitoza kampuni ya mikopo ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5 mwaka 2023, na mwenye programu za KeCredit na Faircash karibu milioni 3. Benki Kuu nayo ilikuwa imeanza kuwapa wakopeshaji wa kidijitali leseni. Lakini pigo lililowaumiza zaidi lilitoka kwa Google, ilipokataza programu za mikopo kwenye duka lake kusoma orodha ya majina na picha za mtumiaji kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Kanuni moja, na mlango ukafungwa dunia nzima. Kama iliwezekana mwaka 2023, iliwezekana pia miaka mitano kabla, wakati mabinti wa watu wakilia.

Upande wa kujieleza, lawama zinakwenda pande mbili, na anayesema kampuni ziache kila kitu kipite hajaishi na matokeo yake. Novemba 2021 Profesa Meareg Amare, mkemia wa Ethiopia, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Bahir Dar baada ya machapisho ya Facebook kumtaja kwa jina na kumsingizia. Mwanawe, kwa mujibu wa kesi aliyoifungua Nairobi Desemba 2022, alikuwa ameripoti machapisho hayo na hakusikilizwa kwa wakati. Meta, mwenye Facebook, ikasema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema inayo. Msingi wa hoja ni kwamba maudhui ya kanda yetu yalikuwa yakikaguliwa Nairobi, na vijana walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama, wakitazama maiti na ubakaji kwenye skrini kutwa nzima. Nao wamemshitaki mwajiri wao na Meta. Uamuzi ule ni mkubwa kuliko ulivyotangazwa. Maana yake ni kwamba kampuni inayovuna matangazo Embu haiwezi kujificha California ikidaiwa.

Serikali nayo hupenda njia fupi, kuzima. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilifungwa nchini wakati wa mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari kwa sababu ya wizi wa mitihani, na mfanyabiashara aliyeuza kwa njia hiyo akaadhibiwa pamoja na wezi. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilizorota nchi nzima. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imeahidi siku moja kabla kwamba haitazima. Safaricom ikasema ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Huenda ndivyo. Nyaya za baharini hukatika kweli. Lakini hitilafu ikiangukia saa ile, kampuni yenye kujali jina lake huweka mezani vipimo vyake vya kiufundi ili wataalamu wa nje wavikague, haitegemei neno lake kuaminiwa tu.

Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao, na ndani ya siku chache Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu yake. Mvutano huo utaendelea, na wabunge watabadilika, akiwemo wa Manyatta. Kampuni zitabaki, na taarifa zako zitabaki nazo.

Kwa hiyo usingoje. Sheria ya Kulinda Data inakupa haki ya kuiuliza kampuni yoyote inayohifadhi taarifa zako: mnashika nini kunihusu, mmempa nani, na kwa sababu gani? Huhitaji wakili. Andika kwa Kiswahili, taja jina na nambari yako, peleka kwenye duka la kampuni pale mjini Embu au kwa barua pepe, na ubaki na nakala. Kanuni za 2021 zinaitaka kampuni ikujibu ndani ya siku 7, bila malipo. Ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye kisheria ana siku 90 za kuyachunguza na kuyamaliza.